Nataka kazi ya makumbusho: nianzie wapi?

Swali: Nimehitimu shahada ya historia na sasa ninafundisha kwa kujitolea katika shule ya sekondari hapa Lindi. Moyo wangu uko kwenye makumbusho. Baba anataka nisome stashahada ya ualimu nitafute ajira ya serikali, kwa kuwa anaona makumbusho ni mahali pa kutunzia mafuvu na vyungu tu. Je, mhifadhi wa makumbusho anafanya kazi gani hasa? Ni lazima nisome shahada ya uzamili kwanza? Na mtu anaanzaje akiwa mbali na Dar es Salaam?

Jibu: Mdogo wangu, nianze na baba, kwa sababu hoja yake inastahili heshima. Kuhusu ajira anasema kweli. Makumbusho ya Taifa la Tanzania ina vituo vichache: Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni pale Mtaa wa Shaaban Robert jijini Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho barabara ya Bagamoyo, Elimu Viumbe na Azimio la Arusha kule Arusha, Makumbusho ya Mwalimu Nyerere Butiama, na Majimaji pale Songea pamoja na ile ya Mzee Kawawa. Zanzibar ina idara yake chini ya Serikali ya Mapinduzi. Nafasi za bara hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, haziji kila mwaka, na zikija waombaji ni wengi. Kwa hiyo ukisoma ualimu hujapotea njia. Sehemu kubwa ya wageni wa makumbusho zetu ni wanafunzi, na mtu anayeweza kuwashika watoto arobaini wa darasa la sita mbele ya kabati la kioo wasichoke ni mtu tunayemhitaji sana.

Ila kuhusu mafuvu na vyungu, mwambie baba kwa upole kwamba hapo ndipo penye kazi yenyewe.

Watu wengi wanadhani mhifadhi analinda vitu visiibwe wala visivunjike. Hilo ni kweli lakini ni nusu ya kazi, na si nusu iliyo ngumu. Mhifadhi analinda habari za kitu: kilitoka kijiji gani, kilikuwa cha nani, nani alikitengeneza, kilitumikaje, nani alikitoa na kwa masharti gani. Chungu kikipasuka fundi anaweza kukiunga. Habari zake zikipotea, hakuna gundi ya kuziunga. Ningeombwa nichague moja kati ya ghala lenye kiyoyozi na daftari la mapokezi lililoandikwa vizuri, ningechukua daftari.

Nikupe kisa cha jirani zetu wa Kenya, kwa sababu kinaeleza jambo hili kuliko somo lolote. Wamijikenda, hasa Wagiriama, huchonga vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu waliokuwa wanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Kigango kikishasimikwa hakitakiwi kung'olewa. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka ikapita, hadi siku mtafiti yule alipoona katika mkutano wa wasomi picha ya kigango kilichokuwa katika makumbusho ya jimbo la Illinois, akakitambua. Cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vyote viwili vilirudi kwa familia ile. Kilichovirudisha ni picha moja yenye jina la mtu, jina la mahali na mwaka.

Sasa linganisha na vigango 30 vilivyorudi Kenya mwaka 2019 kutoka makumbusho ya Denver, Marekani. Denver walikubali kuvirudisha kwa hiari, na hilo ni jambo la kuwashukuru. Lakini walikuwa wamevipata kwa wafadhili walionunua kwa wauzaji wa sanaa, bila maandishi ya kijiji wala ukoo. Vimefika nchini, lakini vipelekwe boma gani? Nani aitwe aje kuvipokea? Wale wafanyabiashara walioving'oa walichukua mbao, na kwa kutoandika lolote wakachukua pia na majina ya wafu. Mimi jambo hili linaniuma, na ninataka likuume na wewe, kwa sababu bila uchungu huo kazi ya kujaza fomu utaiona ni karatasi tu.

Umeuliza kazi yenyewe ni ipi. Tuseme leo asubuhi kijana analeta mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu bibi yake wa Mikindani. Familia inahamia nyumba mpya, wameona ni heri iende makumbusho kuliko iwe kuni. Kitu cha kwanza si kuipokea mbuzi. Cha kwanza ni kukaa na huyo kijana. Bibi aliitwa nani? Alizaliwa wapi? Mbuzi aliipata vipi, alinunua au alipewa kwenye harusi yake? Fundi aliyeichonga anajulikana? Ni mti gani? Hicho kichwa cha chuma chenye meno kimetokana na nini? Mara nyingi mafundi walikata chuma chakavu cha gari, na hapo tayari una historia ya barabara na malori kuingia kwenye jiko la pwani. Je, kuna ndugu wengine wenye haki nayo, na wao wamekubali? Swali hili la mwisho usiliache kamwe. Nimeona kitu kimetolewa na mjukuu mmoja kwa furaha, wiki iliyofuata shangazi anafika analia.

Wakikubaliana, kijana anasaini hati ya makabidhiano. Ndipo mbuzi inaandikwa kwenye daftari na kupewa namba. Makumbusho nyingi hutumia namba yenye sehemu tatu: mwaka, mapokezi ya ngapi mwaka huo, na kitu cha ngapi katika mapokezi hayo. Kwa hiyo 2024.7.1 ni kitu cha kwanza katika mapokezi ya saba ya mwaka 2024. Namba inaandikwa juu ya mbuzi yenyewe, mahali pasipoonekana ikiwa kwenye onesho, labda chini ya mguu. Huandiki kwa kalamu moja kwa moja juu ya mbao. Unapaka kwanza utando mwembamba wa vanishi inayotoka kwa asetoni, wengi wetu tunatumia Paraloid B-72, unauacha ukauke, unaandika kwa wino mweusi na mwandiko mdogo, kisha unapaka utando mwingine juu. Miaka hamsini ijayo mhifadhi mwingine akitaka kuiondoa namba, ataiondoa bila kuikwaruza mbao. Baada ya hapo unapima urefu, upana na kimo, unapiga picha pande zote ukiweka rula kando, unaandika hali yake: ufa kwenye kiti, kutu kwenye meno, mashimo madogo ya bungua mguu wa nyuma.

Mashimo ya bungua yanakupeleka kwenye kazi inayofuata. Kitu cha mbao hakiingii ghalani moja kwa moja kutoka mtaani, kwa sababu mdudu mmoja aliye hai atakula vinyago vya nusu karne. Kinatengwa, kinafungwa kwenye plastiki na, ikiwa aina ya kitu inaruhusu, kinagandishwa kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, kwa wiki moja hadi mbili. Pwani yetu ina chumvi hewani, unyevu mwingi na mchwa wasiolala. Vitambaa na karatasi havitaki mwanga mkali. Kipimo kinachotumika duniani kote kwa vitu hivyo ni lux 50, yaani chumba chenye giza kiasi cha kuwafanya wageni walalamike. Na kuna jambo moja ambalo wanafunzi wa kujitolea hawaambiwi mapema: katika mikusanyo ya zamani ya kikoloni, ngozi, manyoya na vinyago vilinyunyiziwa aseniki na baadaye DDT kuua wadudu. Sumu hiyo bado ipo. Vaa glavu, nawa mikono, usile ghalani.

Ndipo tunafika kwenye kibao cha maelezo, na hapa ndipo historia ya umma inapoanza. Kibao cha zamani kingesema: “Mbuzi ya kukunia nazi. Mbao na chuma. Pwani ya Tanzania. Karne ya 20.” Hakuna uongo ndani yake, na hakuna mtu ndani yake pia. Kila mtoto wa Lindi anaijua mbuzi. Kwao ipo jikoni. Kwa nini alipe kiingilio aone ya jikoni kwao? Jaribu hivi: “Bibi mwenye mbuzi hii alipewa siku ya harusi yake Mikindani. Fundi alichonga kiti chake barazani mwa nyumba yao, na meno ya chuma aliyakata kwenye springi ya lori. Binti zake watatu walijifunza kukuna nazi wakiwa wamekalia hapa.” Maneno hayafiki hamsini. Mtoto anayesoma hivyo akirudi kwao atamuuliza bibi yake mbuzi yao imetoka wapi. Ukifikia hapo umefanya kazi yako, maana swali limetoka makumbusho limeingia nyumbani kwa watu.

Sasa nije Lindi kwako. Unaandika kama mtu aliyetupwa mbali na historia, nami nakuona umekalia mojawapo ya habari kubwa kabisa za makumbusho duniani. Kilomita 60 hivi kutoka mjini uko mlima Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, ikapakiwa Lindi kwenye meli kwenda Berlin. Mjusi mkubwa kuliko wote, Giraffatitan, alisimamishwa mwaka 1937 katika Museum für Naturkunde, na mpaka leo kichwa chake kiko zaidi ya mita 13 juu ya sakafu. Kuanzia mwaka 1924 Waingereza nao walikuja kuchimba. Kila baada ya muda suala la mjusi wa Tendaguru huulizwa bungeni: arudi au asirudi, nani ajenge jumba la kumweka, mapato ya kiingilio yagawanywe vipi.

Mjadala huo ni halali, na msimamo wangu ni kwamba Wajerumani wanawajibika kwetu kwa mengi zaidi ya nakala za plasta. Lakini sikiliza kinachokosekana humo. Tunazungumza habari za mfupa na Berlin. Hatuwazungumzii waliochimba. Mamia ya watu wa kusini walifanya kazi pale, na mizigo ilibebwa kichwani na mabegani kutoka mlimani hadi bandarini kwa mwendo wa siku kadhaa. Ilikuwa miaka michache tu baada ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vita vilivyofuatwa na njaa iliyofagia vijiji vya kusini. Watu waliobeba mifupa ile walikuwa wametoka kuzika. Msimamizi wao mkuu, aliyekuwa pia bingwa wa kuifukua na kuisafisha mifupa, aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 wanasayansi walipompa jina dinosaria mwingine wa Tendaguru walimwita Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Waulize wanafunzi wako kesho darasani wangapi wanalijua jina la Boheti.

Kazi hiyo inakusubiri wewe, na haihitaji barua ya ajira. Nenda kwenye vijiji vinavyouzunguka mlima ule. Usiende na swali la “Mnajua nini kuhusu dinosaria?” maana wazee watakupa majibu waliyoyasikia kwa wageni waliotangulia. Anza na ukoo. Babu alizaliwa wapi, alihamia lini, wakati wa Mjerumani alifanya kazi gani, kodi alilipaje? Mzigo wa mifupa utajitokeza wenyewe kama upo. Pata kwanza ridhaa ya mwenyekiti wa kijiji, kisha ya mzee mwenyewe, na umweleze rekodi hii itakwenda wapi na nani ataisikiliza. Mwanzoni mwa kila rekodi sema kwa sauti tarehe, kijiji, jina la msimulizi na jina lako. Simu yako inatosha. Jioni hiyo hiyo nakili rekodi mahali pengine pawili. Nimeshuhudia masimulizi ya wazee ambao sasa ni marehemu yakipotea pamoja na simu iliyoangukia baharini, na hakuna mtu wa kumrudia.

Kisha rudisha. Ukishaandika, nenda ukawasomee. Watafiti wengi huja, huchukua, huondoka, na wazee wa kusini wamechoka nao kwa haki kabisa. Mwanahistoria wa umma anatofautiana na mwanahistoria wa maktabani hapo: wasomaji wake wa kwanza ni wale wale waliomsimulia, na wana haki ya kumwambia “hapa umekosea.”

Umetaja mafuvu, nami siwezi kupita kimya. Mafuvu ya babu zetu wengi yako Ulaya. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na mjukuu wake alitumia maisha yake akitafuta kichwa chake. Nduna Songea Mbano alinyongwa mwaka 1906 pamoja na wenzake, na wazawa wake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Taasisi inayosimamia makumbusho za serikali mjini Berlin ilirithi mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 2023 ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha baadhi yake na ndugu walio hai huku Tanzania. Mwaka huo huo, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba radhi mbele ya wazawa wa mashujaa wa Majimaji.

Hayo yote yametokana na nini? Na watu waliokaa miaka wakisoma madaftari, lebo zilizofifia na barua za madaktari wa kijeshi, wakilinganisha namba ya sanduku na jina la kijiji. Hiyo ni kazi ya uhifadhi. Siku fuvu linapopata jina, mhifadhi anageuka kuwa mtu wa kukaa msibani. Familia itaamua mazishi yawe lini na ya mila gani, kama waandishi wa habari waje au wasije, na kama serikali isimame mbele au nyuma. Ukiwa na haraka ya kupiga picha, kazi hii haikufai.

Kuna jambo jingine litakalokupima, nalo ni ukweli unapogongana na fedha. Pale Mkunazini, Zanzibar, kwenye uwanja uliokuwa soko la watumwa hadi mkataba wa mwaka 1873 ulipolifunga, wageni hupelekwa kwenye vyumba vya chini vyenye giza na kuambiwa watumwa walifungwa humo wakisubiri kuuzwa. Wanahistoria wamehoji maelezo hayo, wakisema jengo hilo ni la misheni na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Soko lilikuwepo, mateso yalikuwepo, hilo halina ubishi hata chembe. Lakini chumba hiki hasa, je? Ukiwa mhifadhi utaambiwa wageni wanataka kulia, usiwaharibie. Msimamo wangu ni kuwaambia yote: hapa palikuwa na soko, hili tunalijua kwa ushahidi huu, kuhusu chumba hiki wataalamu wanabishana kwa sababu hizi. Mgeni anayeambiwa hivyo anaondoka akiwa ameheshimiwa, na anayekanusha biashara ya utumwa anakosa pa kushika. Ukiremba habari mahali pamoja, umempa mpinzani wako silaha ya kukataa habari nzima.

Sasa shahada ya uzamili. Usikimbilie. Nimewaona vijana wenye uzamili wa masuala ya urithi ambao hawajawahi kushika daftari la mapokezi, na ghalani wanasimama tu. Ingia kwanza kazini kwa kujitolea au kwa mafunzo ya vitendo, ujue unapenda nini: mikusanyo, elimu kwa umma, maonesho, utafiti, au uhifadhi wa majengo. Hilo la majengo lina uhitaji mkubwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib kule Zanzibar, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wakafa. Ukishajua unachokitaka, basi uende. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya akiolojia na urithi. Mombasa kuna CHDA, kituo cha maendeleo ya urithi barani Afrika, ambacho kimefundisha wahifadhi wengi wa bara hili kwa kozi fupi, na kozi fupi nzuri ya utunzaji wa mikusanyo inaweza kukufaa zaidi ya miaka miwili ya nadharia.

Ila kuna vitu viwili ningekusihi uanze kujifunza mwaka huu huu, kwa sababu wenye navyo ni wachache mno. Cha kwanza ni Kijerumani. Kumbukumbu za bara kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia zimeandikwa kwa lugha hiyo. Sehemu iko Nyaraka za Taifa hapo Dar es Salaam, sehemu iko Berlin, na nyingi ni za mkono, kwa mwandiko wa kizamani ambao hata Wajerumani wa leo hufundishwa kuusoma. Tunawezaje kudai vyetu ikiwa orodha ya vilivyochukuliwa tunasomewa na wale wale waliovichukua? Cha pili ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa Lindi, Kilwa na Mikindani hilo si anasa. Barua za wafanyabiashara, wosia, hati za mashamba, mashairi, vyote viliandikwa hivyo, na vingine bado vimo kwenye masanduku ya nyumba za watu. Nenda kwa mwalimu wa madrasa aliye karibu nawe. Herufi atakufundisha yeye, Kiswahili unacho tayari.

Kuhusu riziki nje ya serikali, sitakudanganya kwamba njia ni pana, lakini zipo. Miradi mikubwa ya barabara, bandari na mabomba hutakiwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na humo urithi wa kiutamaduni hukaguliwa: makaburi, misitu ya matambiko, magofu. Washauri wanaofanya tathmini hizo hutafuta watu wanaojua kuzungumza na wazee na kuandika ripoti inayosomeka. Misheni na majimbo ya kanisa yana vitabu vya ubatizo na shajara za kituo za zaidi ya miaka mia, na mara nyingi hakuna wa kuvipanga. Redio za mikoa zinahitaji vipindi. Kwa wasomaji wa Kenya watakaosoma jibu hili: katiba ya 2010 iliziweka makumbusho za ngazi ya kaunti mikononi mwa serikali za kaunti, na kaunti kadhaa bado hazijaamua zifanye nini nazo. Huko kuna mlango wa kubisha.

Na wewe, uliye shuleni, una mlango wako mwenyewe. Omba kabati moja la ofisi lisilotumika. Waambie wanafunzi kila mmoja aulize nyumbani kuhusu kitu kimoja, na wanaoruhusiwa wakilete kwa azima. Kila kitu kiandikwe kama nilivyokueleza kwa ile mbuzi: jina la mwenye nacho, kijiji, matumizi, hali, tarehe ya kuazimwa, tarehe ya kurudishwa. Usipokee kitu cha kale kilichofukuliwa ardhini, shanga za Kilwa au vigae vya magofu, hata kikiletwa kwa nia njema. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya 1863, na kitu kikishang'olewa ardhini bila mtaalamu, nusu ya habari zake zimebaki shimoni. Mwelekeze aliyekiokota akuoneshe mahali, upige picha, utoe taarifa kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani. Fungua kabati lako siku hiyo, waalike wazazi, na baba yako awe wa kwanza kwenye orodha ya wageni.

Likizo ya katikati ya mwaka ikikaribia, andika barua kwa mkuu wa kituo cha Majimaji Songea au cha Dar es Salaam, uombe wiki chache za kujitolea kwenye mikusanyo. Taja mikusanyo waziwazi, maana ukiandika “makumbusho” tu utawekwa mapokezi kukata tiketi. Usiambatishe wasifu wenye kurasa nne. Ambatisha nakala ya cheti, barua ya mkuu wako wa shule, na kurasa tatu au nne za daftari la kabati lako pamoja na picha zake. Ningekuwa mimi ndiye ninayeifungua bahasha hiyo, ningeanza na hizo kurasa za daftari, na ningeangalia kitu kimoja kabla ya vingine: kama kwenye safu ya mwenye kitu umeandika jina kamili la mtu au umeandika “mwanakijiji”.